Nyama ya jicho ilikatwa, sasa imerudi

Barua za safari hii ni nyingi, lakini hii ya kutoka Kibirizi nimeisoma nikairudia, nikaona si haki kuijibu kwa mistari miwili. Nimeipa nafasi kubwa. Mbili zinazoifuata nimezichagua kwa sababu zinakaribiana nayo. Wengine mnivumilie hadi toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mvuvi wa Kibirizi, Kigoma. Mke wangu ana miaka 36 na kazi yake ni kuanika dagaa hapo mwaloni tangu tuoane. Mwaka jana aliota kinyama jichoni, upande wa puani, kikapanda kidogo kwenye jeusi la jicho. Kilipopita kikundi cha madaktari wa macho alikatwa, akapewa dawa ya matone, tukaambiwa basi, amepona. Haikupita miezi saba kimerudi, tena kikubwa kuliko cha kwanza, na mishipa myekundu imekizunguka. Safari hii daktari amesema huenda ni saratani, ametuandikia rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza. Majirani wanatuambia saratani ikiguswa na kisu ndiyo inasambaa, bora tungeiacha. Nina maswali mawili tu. Kwa nini kimerudi? Na je, mke wangu atakufa? Naomba unieleze kweli.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la pili, maana najua ndilo linalokukesha hata usiku usiokwenda ziwani. Saratani ya aina hii ikiwa bado imekaa juu ya jicho, ni mara chache sana mtu kufa kwa ajili yake. Haina haraka ya kukimbilia mapafu wala ini. Wanaokufa ni wale ambao uvimbe uliachwa mpaka ukapenya nyuma ya jicho na kuelekea kwenye ubongo, au ukatua kwenye tezi za mbele ya sikio na chini ya taya ukaendelea kutoka hapo. Na kuna kundi la katikati, wanaopona kwa gharama ya kulipoteza jicho. Kwa jinsi ulivyoandika, kinyama cha mkeo kiko juu, anaona, na hukutaja uvimbe wowote shavuni wala shingoni. Hayo yote ni ya kutia moyo. Lakini mimi niko Ujiji na barua yako mkononi, jicho lenyewe sijaliona. Atakayelipima ni huyo wa Bugando, kwa hiyo karatasi ya rufaa msiiweke kabatini mkisubiri msimu wa dagaa uishe.

Weupe wa jicho umefunikwa na utando mwembamba unaong'aa, ambao wataalamu huuita konjaktiva. Pale weupe unapokutana na jeusi kuna mpaka ambao seli zake zinazaliwa upya muda wote, na hapo ndipo saratani hii hupenda kuanzia, hasa kwenye sehemu iliyo wazi kati ya kope mbili. Sababu kubwa ni jua. Mwaka 1996 zilichapishwa takwimu zilizolinganisha nchi na nchi: Uganda, iliyo juu ya ikweta, ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 1.2 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, wakati Uingereza haikufika hata 0.02. Kila ukisogea nyuzi 10 kuondoka ikweta, ugonjwa ulipungua kwa karibu nusu. Kigoma yetu iko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta. Na muanika dagaa anapigwa na jua mara mbili, lile la utosini na lile linalorudishwa na mchanga na maji. Nimewaangalia wanawake wa pale mwaloni miaka mingi: kanga kichwani, uso umekunjwa, macho yamefinywa kuanzia asubuhi mpaka dagaa wageuzwe mara ya mwisho. Ndiyo maana ugonjwa huu, ambao madaktari wa Ulaya wanaweza kukaa muda mrefu bila kuuona, sisi tuliofanya kazi kliniki za macho za huku hautushangazi. Tena kule huwapata zaidi wazee wa kiume. Huku kwetu unawakuta vijana na wanawake wa umri wa mkeo.

Sababu ya pili ni lazima niitaje, na naomba muisome pamoja mkiwa mmetulia. Ni VVU. Mwaka 1995 daktari wa Kampala, Ateenyi-Agaba, aliandika kuhusu uhusiano wa virusi hivyo na saratani hii, na tangu hapo tafiti za Afrika Mashariki zimekuwa zikikuta kwamba karibu nusu ya wagonjwa, au zaidi, wanaishi na VVU. Wapo waliojua hali yao kwa sababu ya jicho tu. Simjui mkeo na simsemi vibaya, na hao wengine waliobaki hawana virusi kabisa. Lakini kinga ya mwili ikishuka, uvimbe hukua kwa kasi na huwa mgumu kuudhibiti, kwa hiyo pimeni wote wawili kabla ya safari. Mkikutwa navyo, dawa zipo CTC, yaani kliniki ya VVU, na zinaanza siku hiyo hiyo. Mtu anayemeza dawa vizuri anakwenda chumba cha upasuaji akiwa na mwili wenye nguvu ya kumsaidia daktari.

Sasa kwa nini kimerudi. Nilipofika hapa nilirudi kwenye barua yako kutafuta kitu kimoja, sikukiona: hukuniambia kama kile kinyama cha kwanza kilipelekwa maabara. Nadhani hakikupelekwa. Hili linaniumiza, na nitalisema kila nikipata nafasi ya kuliandika. Kipande kilichotoka jichoni mwa mtu hakitupwi. Kwa macho matupu, hata macho ya mtu mzoefu, kinyama cha kawaida kinacholetwa na jua na vumbi na saratani iliyo changa vinaweza kufanana kabisa. Dalili za kutia shaka zipo: uvimbe ulioinuka wenye rangi ya kijivu na utelezi, magamba meupe juu yake, doa la kahawia, mishipa minene inayoulisha, kukua ndani ya miezi badala ya miaka. Lakini jibu la uhakika linatoka kwenye hadubini.

Ngoja nikueleze kinavyofanyika, ili mkienda mjue cha kuulizia. Kipande chenyewe ni kidogo, hakizidi ukucha wa kidole cha mwisho, na ni chembamba sana. Ukikitumbukiza tu kwenye chupa hujikunja kama ganda la kitunguu, na mtu wa maabara hawezi tena kujua ukingo uko wapi na katikati ni wapi. Kwa hiyo daktari mwangalifu hukitandaza kwanza juu ya kijikaratasi, hukiacha dakika chache kishike, huweka alama upande wa puani, ndipo hukiingiza kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze. Kwenye chupa kuna jina, tarehe, jicho la kulia au la kushoto. Maabara ikikikata inatoa majibu ya mambo mawili: je, seli mbaya zimebaki kwenye ngozi ya juu au zimeshachimba chini? Na je, kingo za kipande ni safi, au seli mbaya zimefika mpaka pale kisu kilipopita?

Hilo la kingo ndilo linalobeba uzito mkubwa katika swali lako. Seli zikiwa zimefika ukingoni, maana yake nyingine zimebaki jichoni, na hizo ndizo zinazoota tena. Ndiyo sababu anayeshuku saratani hakati kinyama peke yake. Anachukua na milimita 3 au 4 za utando unaoonekana mzima kukizunguka, haushiki uvimbe wenyewe kwa koleo ili seli zisimwagike, na akimaliza hugandisha kingo zilizobaki kwa baridi kali ili kuua zilizojificha. Anayedhani anatoa kinyama cha kawaida hafanyi hayo yote, na simlaumu mtu nisiyemjua, ila matokeo yake ndiyo haya mnayoyaona. Uvimbe mkubwa, uliopanda sana kwenye jeusi la jicho au kushikana na weupe mgumu wa chini, nao hurudi kwa urahisi zaidi. Na ule ambao umeshawahi kurudi mara moja una uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi tena. Ndiyo hali ya mkeo sasa, na sitakuficha. Hata kingo zikiwa safi kabisa, hakuna anayeweza kukuapia kwamba hautarudi.

Kuhusu majirani: kisu hakisambazi saratani hii. Ambao nimewaona wakilipoteza jicho ni wale walioacha kwa kuogopa kisu, wakaja wakati kope haifungi tena. Ila kuna kitu cha kweli karibu na maneno yao. Kukata nusu nusu, bila kujua unakata nini, kunaacha mzizi na kunapoteza muda. Dawa yake ni kukatwa vizuri.

Tena kuna habari njema ambayo ningependa kila kliniki ya macho kando ya ziwa hili iijue. Dakta Stephen Gichuhi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walifanya utafiti Kenya, matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Wagonjwa walikatwa uvimbe, jicho likapona, halafu nusu yao wakapewa matone ya dawa iitwayo fluorourasili, asilimia 1, mara nne kwa siku kwa wiki nne. Nusu nyingine walipewa matone yasiyo na dawa. Baada ya mwaka mmoja uvimbe ulikuwa umerudi kwa watu 5 kati ya 47 waliotumia dawa, na kwa 17 kati ya 47 ambao hawakuitumia. Hiyo ni tofauti kubwa kwa dawa ambayo si ya ajabu wala ya bei ya kutisha. Ni ile ile ya saratani inayotolewa kwa mshipa, imeandaliwa kuwa matone na mfamasia anayejua kazi yake. Hulitia jicho machozi na muwasho kwa siku hizo, kisha hutulia. Wala usije ukaitafuta mtaani. Muulizeni daktari Bugando: baada ya upasuaji, mke wangu anafaa kupewa matone haya?

Muulizeni pia majibu ya maabara yatatoka lini na yatawafikiaje Kigoma, kwa sababu najua watu wanavyorudi nyumbani bila majibu, nauli ikaisha, na karatasi ikabaki kwenye faili huko Mwanza. Acheni namba mbili za simu. Majibu yakitoka, pigeni picha karatasi hiyo mkae nayo. Atakayemwona mkeo baadaye, hata kama ni hapa kwetu hospitali ya Maweni, ataihitaji. Na kama bado mna cheti cha ule upasuaji wa kwanza, nendeni nacho.

Akishapona, kazi yako wewe mume ndiyo inaanza. Mara nyingi uvimbe ukirudi hurudi ndani ya miaka miwili ya kwanza, ingawa wapo unaowarudia baada ya miaka mingi. Kliniki itampangia tarehe, za karibu karibu mwanzoni kisha za kuachana. Katikati ya tarehe hizo, kila mwezi mwambie akae mlangoni penye mwanga wa asubuhi, aangalie juu, chini, kulia, kushoto, umpige picha jicho hilo kwa simu. Ukilinganisha picha ya mwezi huu na ya mwezi uliopita utaona mabadiliko ambayo kioo hakimwonyeshi. Kikitokea kijidoa kilichoinuka au mshipa mpya mnene, msingoje tarehe. Mguse pia mbele ya masikio na chini ya taya. Penye kivimbe kigumu, semeni.

Nakuombea safari njema. Uniandikie majibu yakitoka, nitayasoma nanyi.

SWALI: Mama, mimi ni bibi, niko Nzega, Tabora. Mjukuu wangu ana mwaka na nusu. Kwenye picha za simu zilizopigwa usiku, jicho moja linatoka jekundu na lingine linatoka jeupe. Mama yake anasema ni simu mbovu. Mtoto anacheza, anakula, halii jicho. Nifanye nini?

JIBU: Bibi mwenzangu, mwamini macho yako. Mwanga wa simu ukiingia kwenye mboni hurudi na wekundu wa ndani ya jicho. Ukirudi mweupe picha baada ya picha, jicho lile lile, kuna kitu ndani kinauzuia. Huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni kitu kingine, lakini kwa umri huo cha kwanza kuogopwa ni saratani ya retina, ule utando wa nyuma ndani ya jicho unaopokea mwanga. Saratani hiyo huwapata watoto wadogo, wengi kabla ya miaka mitano, na mwanzoni haiumi kabisa. Mpelekeni hospitali ya Kitete, Tabora mjini, wiki hii hii. Chukueni na simu yenye hizo picha. Waambieni mnataka mtoto atiwe dawa ya kupanua mboni, apimwe ndani ya jicho.

Kwa watoto hawa, kinachoamua nani anaishi ni kama ugonjwa umekutwa bado uko ndani ya jicho au umeshatoka nje. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa 2020 ulionyesha kwamba katika nchi tajiri watoto wanagundulika wakiwa na miezi 14 hivi, na katika nchi maskini zaidi miezi 30. Mwingine wa 2022 ulifuatilia watoto zaidi ya 4,000: baada ya miaka mitatu, nchi tajiri walikuwa hai karibu wote, asilimia 99.5, nchi maskini zaidi, asilimia 57.3. Saratani ni hiyo hiyo. Wa kwetu wengi hufikishwa hospitali jicho limeshavimba na kutoka nje. Mjukuu wako ana miezi 18 na umemwona mapema, bibi, kwa hiyo usikubali kunyamazishwa kwa neno la simu mbovu.

Ikithibitika, atapelekwa hospitali kubwa. Kama jicho limejaa uvimbe, watawaambia litolewe. Najua neno hilo linavyokimbiza familia. Nimewaona wakibeba mtoto usiku na kurudi kijijini. Jicho hilo huwa halioni tena, na likitolewa likiwa zima, mishipa yake ya nyuma ikikutwa safi maabara, mtoto ana nafasi kubwa sana ya kukua, kwenda shule na kuvaa jicho la bandia ambalo watu hawalitambui haraka. Maabara ikikuta seli zimepita kwenye mshipa unaokwenda ubongoni au zimechimba sana kwenye kuta za jicho, ataongezewa dawa za dripu kwa miezi kadhaa, na hizo amalize zote. Asiruhusiwe mtu yeyote kuingiza sindano jichoni ili kutoa kipande cha kupima, maana kwa saratani hii ndivyo inavyotolewa nje.

Na ndugu zake wapimwe pia. Mara nyingine ugonjwa huu umo kwenye damu ya ukoo, hasa unapoyashika macho yote mawili, na anayezaliwa nyuma yake anatakiwa kuangaliwa macho mapema, akiwa bado mchanga.

SWALI: Mimi ni bodaboda Ujiji. Miwani ya jua ya elfu tano ya barabarani inasaidia, au napoteza hela?

JIBU: Inategemea, mwanangu. Weusi wa kioo peke yake haukulindi. Mboni hupanuka nyuma ya kioo cheusi na mionzi ikapita vizuri tu. Tafuta yenye maandishi UV400, na kwa kuwa maandishi huweza kubandikwa na yeyote, ukipata duka la miwani lenye kifaa cha kupimia waombe waipime. Iwe pana, iliyoziba na pembeni, maana jua na vumbi vinakuingia kwa ubavuni ukiwa kwenye mwendo. Ukiegesha, vaa kofia yenye ukingo mpana. Na kama una kinyama jichoni ambacho kimekua tangu mvua zilizopita, hela ya miwani iweke kwanza, nenda ukapimwe.